Bonde la Kerio kwa Baisikeli: Mlima Unaoanza kwa Kushuka

Milima mingi humtoza mwendesha baisikeli kazi kwanza, kisha ikamlipa raha. Anapanda asubuhi akiwa na nguvu, anashuka jioni akiwa hoi. Bonde la Kerio, magharibi mwa Kenya, linageuza utaratibu huo juu chini. Unalala Iten, mji ulio karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Unaamka kwenye baridi, unavaa jaketi, na kabla miguu haijapata joto barabara inaanza kuteremka, na haiachi kuteremka mpaka chini kabisa ya bonde. Saa tatu asubuhi uko darajani Chebloch, karibu mita 1,100, jua limeshika kazi yake, na kila njia ya kutoka mahali hapo ni ya kupanda.

Kwa hiyo hesabu ya safari hii haianzi pale unapoanzia. Inaanza chini. Maji, breki, chakula, saa ya kuondoka na saa ya kukata tamaa na kusimamisha matatu, vyote vipimwe kwa swali moja: nikiwa pale chini, nitakuwa na nini cha kunitoa? Wageni wengi wanaoteseka Kerio si wanyonge wa kupanda. Ni watu walioufurahia mteremko mno, wakashuka bila kufikiri, wakajikuta saa sita mchana wana chupa moja ya maji na ukuta wa Elgeyo umesimama mbele yao.

Elgeyo ni ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa katika sehemu hii. Upande wa pili wa mto Kerio, mashariki, imeinuka milima ya Tugen, na juu yake umeketi mji wa Kabarnet, makao makuu ya Kaunti ya Baringo. Kati ya kuta hizo mbili ndipo mto unapopita kuelekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Barabara ya lami inayotoka Eldoret inapita Iten, inashuka Tambach na Biretwo, inavuka mto Kerio pale Chebloch, inapanda Kabarnet, kisha inateremka tena hadi Marigat, karibu na Ziwa Baringo. Kwa maoni yangu hakuna barabara ya lami Kenya inayompa mwendesha baisikeli mengi zaidi kwa siku mbili. Ina baridi na joto, misitu na miiba, mahindi ya nyanda za juu na maembe ya bondeni, na lami inaunganisha yote.

Kabla ya kupanda baisikeli

Anayetoka Mombasa, Dar es Salaam au hata Kisumu asifike Iten Ijumaa usiku na kushuka Kerio Jumamosi asubuhi. Katika mita 2,400 mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani, na mwili unahitaji siku mbili au tatu kujizoesha. Siku hizo za kwanza moyo hupiga haraka hata ukipanda ngazi, usingizi huja vipande vipande, na kinywa hukauka. Endesha polepole, kunywa maji hata kama baridi haikupi kiu, na usijipime kwa kasi uliyozoea nyumbani. Mwenye selimundu, au anayejua amebeba jeni yake, azungumze na daktari kabla ya safari ya mwinuko kama huu. Watu wengi wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria wanayo jeni hiyo, na jambo hili halitajwi vya kutosha kwenye mipango ya safari.

Iten yenyewe ni mahali pazuri pa kuzoea hewa. Ni mji wa wanariadha. Huko ndiko Brother Colm O'Connell, mmishenari kutoka Ireland, alikofundisha wakimbiaji wa Shule ya St. Patrick's kwa miongo mingi, na wakimbiaji wa mataifa kadhaa huja kufanya mazoezi. Faida kwa mwendesha baisikeli ni ya wazi: mji mdogo una vyumba vya bei nafuu, wakandaji misuli wanaojua kazi yao, na vibanda vinavyokupa ugali, mboga na chai ya maziwa bila kushangaa kiasi unachokula. Alfajiri barabara za mjini hujaa makundi ya wakimbiaji. Wapishe. Wao wako kazini.

Baisikeli ya barabarani inatosha kwa lami yote niliyoitaja, lakini isiwe na gia za mashindano ya tambarare. Gia ndogo ya mbele iwe na meno 34 au pungufu, na kubwa ya nyuma iwe na 32 au 34. Mwinuko wa kutoka bondeni hadi Iten si mkali sana kwa wastani, ni asilimia tano au sita hivi, ila ni mrefu, na urefu huo ndio unaovunja magoti ya anayesukuma gia nzito. Tairi za milimita 28 ni bora kuliko nyembamba, kwa sababu kandokando ya lami pana vipande vilivyomomonyoka na mashimo yaliyozibwa ovyo. Mwenye baisikeli ya milimani asione haya kuja nayo. Atachelewa kidogo kwenye tambarare, lakini atashuka kwa utulivu zaidi ya wenzake.

Beba tyubu mbili, viraka, pampu ya mkononi, kifungulio cha cheni na pedi za breki za akiba. Fundi wa baisikeli utampata Eldoret na Iten, na hata kwenye vituo vidogo yupo mtu anayeziba pancha za boda boda, lakini vipuri vya baisikeli ya gia nyingi si vya kutegemea ukishaondoka Eldoret.

Breki

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo watu huumia.

Mtu wa kilo 70 mwenye baisikeli na mizigo ya kilo 15, akishuka mita 1,300 kutoka Iten hadi chini ya bonde, anapoteza nguvu ya mwinuko inayotosha kuchemsha lita tatu za maji. Nguvu hiyo haiyeyuki hewani tu. Ukiachia baisikeli iende, sehemu kubwa inachukuliwa na upepo unaokupiga kifuani. Ukishika breki muda wote kwa sababu ya hofu, karibu joto lote linaingia kwenye rimu au kwenye diski. Rimu ikipata moto sana, tyubu ndani yake inaweza kupasuka. Diski ikizidiwa, pedi hung'aa kama kioo na kuacha kukamata, na breki za mafuta huweza kulegea mkononi. Ajabu yake ni kwamba mwoga anayeshuka polepole huku amebana breki ndiye anayezichoma kuliko anayejua kuziachia.

Namna nzuri ni hii. Kwenye sehemu iliyonyooka, kaa wima ili kifua kiwe tanga la kukupunguzia kasi. Kabla ya kona, shika breki zote mbili kwa nguvu na kwa muda mfupi, shusha kasi mpaka pale unapojua utaimudu kona, kisha achia na upinde. Usishike breki katikati ya kona, hasa ya mbele, hasa penye changarawe. Mguu wa upande wa nje uwe chini na uzito wako uwe juu yake. Macho yaangalie mwisho wa kona, yasibaki kwenye shimo unalotaka kulikwepa. Na simama. Kessup, ile rafu ya ardhi tambarare iliyo kati ya Iten na Tambach, ni mahali pa kwanza pa kusimama, na Tambach ni pa pili. Dakika tano kila mahali hupoza rimu, hupumzisha vidole, na hukupa nafasi ya kulitazama bonde bila kuhatarisha maisha.

Suleiman Kangangi, Mkenya aliyemaliza wa tatu katika mashindano ya baisikeli ya Tour du Rwanda ya 2017 na aliyekuja kuwa nahodha wa Team Amani, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwa kasi kubwa katika mashindano ya njia za changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa stadi kuliko karibu kila mtu atakayesoma makala haya. Ninamtaja kwa heshima, kwa kuwa bado nakutana na vijana wanaoamini kwamba kofia ngumu ni ya wanaoanza na kwamba ujuzi unatosha kukulinda kwenye mteremko.

Barabara yenyewe

Ondoka Iten saa moja asubuhi, ukiwa na jaketi, glavu na taa ya nyuma inayowaka. Wakati mwingine ukungu hufunika ukingo wa bonde asubuhi, na dereva anayepanda huwa haoni chochote chenye rangi ya kijivu. Ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba huoni mita mia moja mbele, kunywa chai nyingine. Kwa kawaida huinuka jua likipanda.

Kilomita za kwanza ndizo zenye kona nyingi na magari mengi. Malori hupanda kwa gia ndogo, na nyuma yake matatu hutafuta nafasi ya kuyapita, mara nyingine kwenye kona na kwa kutumia upande wako. Usikae pembezoni kabisa mwa lami kwa unyenyekevu. Shika mstari unaoonekana, karibu mita moja kutoka ukingoni, ili dereva alazimike kukupita kwa makusudi na wewe ubakie na mahali pa kukwepea. Boda boda zinazoteremka ni jambo la kuangaliwa peke yake, kwani baadhi yao huzima injini ili kuokoa mafuta na hushuka kimya kimya kwa kasi. Hutazisikia. Kabla ya kuhama upande, geuza shingo uangalie.

Ukiona matawi mabichi yametupwa barabarani, punguza kasi mara moja. Hiyo ni alama ya madereva kwamba mbele kuna gari lililoharibika au limeanguka, na kwa kawaida liko ng'ambo ya kona inayofuata. Kwenye vituo vya biashara kuna matuta, na si yote yaliyopakwa rangi. Wakati wa mvua, mawe huporomoka kutoka juu na kulala kwenye lami. Chini zaidi, mbuzi na ng'ombe hupumzika barabarani. Mbuzi mmoja akivuka, wengine watamfuata hata ukipiga kengele, basi subiri kundi lote lipite.

Tambach palikuwa makao makuu ya wilaya enzi za ukoloni, na bado pana chuo cha walimu, maduka na chai. Kutoka hapo hewa hubadilika. Kila mita 1,000 unazoshuka huongeza karibu nyuzi sita na nusu za joto, kwa hiyo tofauti kati ya Iten na daraja la Chebloch inafika nyuzi nane au zaidi hata kabla jua la bondeni halijaongeza lake. Hapa Tambach vua jaketi. Misonobari na mahindi huachwa nyuma, migunga huanza, na udongo unakuwa mwekundu na mkavu.

Biretwo, chini ya ukuta, ndipo mahali pa kujaza maji. Usipite bila kujaza hata kama chupa inaonekana bado. Kwa kupanda upande wowote wa bonde baada ya saa nne asubuhi, nashauri kila mtu awe na lita tatu, na pakiti ya chumvi za kuongezea maji mwilini, zile zile zinazouzwa dukani kwa watoto wanaoharisha. Ni za bei nafuu na zinafanya kazi vizuri kama vinywaji vya wanamichezo. Katika msimu wake, maembe ya Kerio huuzwa kando ya barabara kwa bei ambayo Nairobi hawaiamini, na pia asali ya bondeni, ambayo ni chakula bora cha mfukoni ukiitia kwenye chupa ndogo.

Baada ya Biretwo barabara inakata sakafu ya bonde. Kaskazini yake ipo Hifadhi ya Rimoi, yenye tembo, na tembo hawafuati mipaka ya ramani. Ukiwaona karibu na barabara, simama mbali, geuka upande uliotoka, ungoje gari la kukusindikiza. Chebloch yenyewe ni korongo jembamba la mwamba, mto umejibana ndani, na vijana wa hapo hujirusha kutoka juu hadi majini kwa malipo ya watazamaji. Wao wamelijua korongo hilo tangu utotoni. Wewe usiogelee: mto una mamba, na mvua iliyonyesha mbali milimani huweza kuujaza ghafla.

Kutoka darajani hadi Kabarnet ni kilomita ishirini na kitu za kupanda zaidi ya mita 900. Mwendesha baisikeli wa kawaida mwenye mazoezi hupanda kati ya mita 400 na 600 kwa saa, kwa hiyo weka saa mbili, na ukiwa na mizigo weka tatu. Sehemu ya chini haina kivuli cha kutosha na joto hutoka juu na chini pamoja, kwenye jua na kwenye lami. Anza taratibu kuliko unavyotaka. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuvuta pumzi, umezidisha. Kadiri unavyopanda upepo unapoa, nyumba zinakaribiana, na watoto watakukimbiza wakicheka. Hapo ndipo salamu inapofaa: *chamgei* inaeleweka upande wa Wakeiyo na upande wa Watugen pia, na humgeuza mgeni kuwa mtu.

Jumla ya Iten hadi Kabarnet ni karibu kilomita 55. Kwenye ramani ni safari ya asubuhi moja, na kweli anayeondoka saa moja hufika kabla ya saa saba. Lakini lala Kabarnet. Kurudi Iten siku hiyo hiyo ni kujitwika zaidi ya mita 2,200 za kupanda kwa jumla, sehemu ndefu zaidi ikija mwisho na mchana mkali. Waliozoea mashindano wanaweza. Wengine wote walale, wale, waangalie jua likizama nyuma ya ukuta wa Elgeyo walikotoka asubuhi. Katika milima hii ya Tugen ndimo yalimopatikana, mwaka 2000, mabaki ya kiumbe kilichopewa jina la Orrorin tugenensis, yenye umri wa karibu miaka milioni sita, mojawapo ya mabaki ya kale zaidi yanayohusishwa na ukoo wa binadamu. Mjini Kabarnet kuna jumba la makumbusho, na alasiri ya miguu iliyochoka ni wakati mwafaka wa kulitembelea.

Kwenda mbele au kwenda kando

Anayetaka kuendelea badala ya kurudi ana mteremko mwingine, wa karibu kilomita 40, kutoka Kabarnet hadi Marigat. Unashuka karibu mita 1,000 nyingine, na yote niliyosema kuhusu breki yanarudi. Marigat ni moto kuliko Chebloch. Kutoka hapo unaweza kugeuka kusini hadi Nakuru, karibu kilomita 100, ukivuka mstari wa Ikweta Mogotio. Njia hiyo inapanda pole pole na jua halina huruma, hivyo ifanye kwa alfajiri ya siku ya tatu. Ukilala Marigat au kando ya Ziwa Baringo, tumia chandarua na ufunike miguu jioni. Malaria ipo, na usubi wa eneo hilo hueneza ugonjwa wa kalaazar.

Wenye miguu ya kupanda hasa wataisikia Fluorspar ikitajwa. Ni barabara inayoshuka kutoka Nyaru, nyuma ya Kaptagat, hadi Kimwarer, palipokuwa na mgodi wa madini ya fluorspar mpaka shughuli zake ziliposimama 2016. Wakimbiaji wa marathoni hupanda takribani kilomita 21 za mwinuko huo kama mtihani wao. Kaptagat ni mahali ambapo Eliud Kipchoge amefanya mazoezi kwa miaka mingi, kwa hiyo jina la Fluorspar hutamkwa kwa heshima kwenye kambi zote za hapo. Mwendesha baisikeli atoke Eldoret mapema, apite Kaptagat chini ya miti, ashuke hadi Kimwarer, kisha apande alikoshuka. Magari ni machache kuliko ya upande wa Iten, na msitu wa juu ni baridi hata saa tano. Ubaya wake ni ule ule: chini ni pa joto, na ukichoka huko, matatu si za kila dakika.

Anayeanza, au aliyekuja na mtoto wa shule anayependa baisikeli, atosheke na Eldoret hadi Iten, kilomita 33 hivi za mawimbi madogo zenye kupanda zaidi kwa jumla kuliko kushuka. Kurudi ni rahisi. Wakati wa mavuno, wakulima huanika mahindi kandokando ya lami, na kupita juu yake ni kukanyaga jasho la mtu.

Msimu na usalama

Mvua kubwa za nyanda hizi huanza Machi na kushika Aprili na Mei, kisha Julai na Agosti hunyesha tena, mara nyingi alasiri. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mikavu zaidi, asubuhi ni baridi na anga ni safi. Mvua hapa si jambo la kulowa tu. Kuta za Kerio zina historia ya maporomoko ya ardhi yanayoua watu na kufunga barabara. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, ahirisha. Mteremko utakuwepo kesho.

Jambo la pili halifai kufichwa. Sehemu za bonde, hasa kaskazini kuelekea Tot na Chesegon, na upande wa Baringo kuelekea Kapedo na Mukutani, zimeteswa na wizi wa mifugo unaotumia silaha. Februari 2023 serikali ilituma jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita za eneo la kaskazini mwa Bonde la Ufa. Barabara kuu ya Iten hadi Kabarnet iko kusini mwa maeneo hayo na hutumiwa na watu kila siku, lakini hali hubadilika. Jioni kabla ya kushuka, uliza kwenye kituo cha polisi cha Iten, na uwaulize pia madereva wa matatu za Kabarnet, ambao huwa na habari za saa ile ile. Wakikuambia usiende, usiende. Na usijaribu kutafuta njia za vumbi za kaskazini kwa sababu ramani ya simu imezichora.

Usiendeshe usiku. Jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu na giza huingia upesi. Nenda na mwenzako, au angalau mwachie mwenye nyumba unapolala namba yako, jina la barabara na saa unayotarajia kufika. Mtandao wa simu hukatika kwenye mikunjo ya ukuta, hivyo tuma ujumbe ukiwa Tambach, Biretwo na Kabarnet. Namba za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199. Hospitali za rufaa za kaunti ziko Iten na Kabarnet, na kwa majeraha makubwa wagonjwa hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. M-Pesa inapokelewa hata kwenye kibanda cha maembe, lakini beba noti ndogo kwa ajili ya siku mtandao unapogoma.

Kutoka Nairobi usije kwa baisikeli kupitia barabara kuu ya Nakuru. Zaidi ya kilomita 300 za malori si maandalizi ya chochote. Panda basi au ndege hadi Eldoret. Makampuni ya mabasi hukubali baisikeli kwenye buti kwa malipo ya ziada ukiondoa gurudumu la mbele na kuifunga vizuri, na bei patana kabla ya kupakia. Kati ya Eldoret, Iten na Kabarnet, matatu huibeba juu ya paa. Simama wewe mwenyewe utazame inavyofungwa, weka kitambaa pale kamba inapogusa fremu, na hakikisha hailalii upande wa gia.

Kurudi Iten siku ya pili, ondoka Kabarnet saa kumi na mbili na nusu, mara kunapokucha. Shuka hadi Chebloch kabla joto halijaamka, vuka bonde bila kukawia, ujaze kila chupa Biretwo na ule kitu kizito, ndizi na chapati kwa mfano, hata kama hamu haipo. Kisha panda kwa gia ndogo kuliko unavyodhani unahitaji. Gawa mwinuko vipande vitatu, Biretwo hadi Tambach, Tambach hadi Kessup, Kessup hadi juu, na upumzike kivulini kila kipande kinapokwisha. Jasho likikoma kutoka huku bado una joto, au ukaanza kuhisi baridi na kizunguzungu juani, huo si uchovu wa kawaida. Shuka kwenye baisikeli, tafuta kivuli, mwagia maji kichwani na shingoni, na mwombe mtu yeyote msaada. Na kama saa tisa alasiri imekukuta ungali Biretwo, funga baisikeli juu ya matatu ya Iten. Nauli yake itenge kando tangu siku ya kwanza.